Jina la Binti, Jina la Mji

Vitabu vya kuchagulia watoto majina havina muda wa kupoteza. Fungua herufi K, tafuta Karen, na jibu liko pale kwa mstari mmoja: jina la kike, la jadi, kutoka Denmark, maana yake "safi". Kitabu kikiwa kikarimu kidogo kitaongeza tabia za mwenye jina: mtulivu, mwaminifu, mpenda nyumba yake. Ni sifa zinazomtosha karibu kila mtu, hata shosho yako Wambui ambaye hajawahi kuona theluji.

Sasa simama kando ya Ngong Road pale Nairobi usikie makanga akiita, "Karen! Karen! Beba Karen!" Abiria anayeirukia ile matatu hawazi usafi wa moyo. Anawaza ua mrefu, geti jeusi, mbwa watatu, na nyumba moja iliyokalia ekari nzima. Kwa Mkenya, Karen ni mtaa kabla ya kuwa mtu. Halafu mwaka 2020 ukatuletea maana nyingine kutoka mitandao ya Marekani: Karen ni yule mama wa Kizungu anayetaka kuongea na meneja, anayewapigia polisi simu kwa sababu Mtu Mweusi amesimama mahali ambapo yeye hapendi asimame. Jina moja, maana tatu.

Insha hii inalifuata jina hilo tangu lilikoanzia, lakini haitaishia mtaani Karen. Itashuka na maji ya mto Tana hadi Hola, makao makuu ya kaunti ya Tana River, mji ambao jina lake lilipitia njia ya kinyume. Karen ni jina la binti lililobandikwa kwenye ardhi ya watu likakaa. Hola ni jina la mji ambalo serikali ilijaribu kulibandua kwa sababu ya damu iliyomwagika pale. Yote mawili yalitokea chini ya bendera moja, katika koloni moja. Ukiyasoma pamoja, unaona kwamba maana ya jina hutegemea sana nani aliyeshika kalamu ya kuchora ramani, na nani aliyekataa kusahau.

Binti wa Aleksandria

Jina Karen halikuzaliwa kwenye baridi. Mizizi yake iko Misri.

Masimulizi ya Kikristo yanasema kwamba mwanzoni mwa karne ya 4 kulikuwa na msichana msomi katika mji wa Aleksandria. Kwa Kigiriki aliitwa Aikaterine, nasi kwa Kiswahili humwita Katarina. Alikataa kuabudu miungu ya Warumi. Mfalme akamletea wanafalsafa wamshinde kwa hoja, akawashinda wao. Wakamfunga kwenye gurudumu la mateso, gurudumu likavunjika. Mwisho wakamkata kichwa. Wanahistoria wengi wanatilia shaka kama mtu huyo aliwahi kuishi, ila shaka yao haikulizuia jina kusafiri. Monasteri ya kale iliyo chini ya mlima Sinai inaitwa kwa jina lake hadi leo, na siku yake huadhimishwa Novemba 25.

Kuhusu maana, wataalamu wa lugha hawajakubaliana jina Aikaterine lilitoka wapi. Wakristo wa zamani walilisikia likifanana na neno la Kigiriki katharos, yaani safi, wakalipenda hivyo, wakalikaza hapo. Kwa hiyo ile "safi" ya vitabu vya majina ni maana iliyovalishwa jina likiwa limeshazaliwa. Weka jambo hilo akilini, maana litarudi.

Watu wa Skandinavia walipoingia Ukristo, waliingia pia kwenye majina ya watakatifu. Na kama ilivyo kawaida ya watu, walilichukua jina refu la wageni wakalitafuna mpaka likakaa vizuri mdomoni. Katarina likawa Katrine, likawa Karine, na kule Denmark na Norway likawa Karen. Waswidi wakasema Karin. Wanorwe wakalifupisha zaidi wakapata Kari. Sisi tunaijua vizuri kazi hiyo. Fatima alipofika pwani yetu akawa Fatuma. Maryam akawa Mariamu, na mtaani wakamwita Mariamu "Mamu". Nenda Hola leo, kati ya Wapokomo Waislamu na Waorma na Wawardei, utakutana na akina Halima, Hawa na Fatuma wengi, na hakuna anayewauliza majina yao yalifikaje kutoka Uarabuni. Jina la kusafiri si kosa. Karibu majina yote ni wasafiri.

Kule Denmark, Karen lilizoeleka likawa jina la kila mtu, la binti wa mkulima na la binti wa kasri. Hans Christian Andersen, mtunzi maarufu wa hadithi za watoto, alipoandika mwaka 1845 hadithi ya msichana maskini anayetamani viatu vyekundu mpaka vikamchezesha bila kukoma, alimwita Karen. Msomaji wa Denmark hakuhitaji maelezo. Karen alikuwa jirani.

Mwanamke aliyekwepa jina lake

Karen tunayemjua sisi alizaliwa Aprili 17, 1885, katika nyumba ya Rungstedlund, kaskazini ya Copenhagen. Jina lake kamili lilikuwa Karen Christenze Dinesen. Januari 1914 alishuka melini Mombasa, na tarehe 14 ya mwezi huo akafunga ndoa palepale na Mswidi mwenye cheo cha kurithi na mifuko mitupu, Bror von Blixen-Finecke. Kutoka Mombasa wakapanda treni kwenda Nairobi, na kutoka Nairobi wakaenda kwenye shamba lililo chini ya milima ya Ngong.

Jambo la kuchekesha ni kwamba huyu mwanamke ambaye jina lake limeandikwa kwenye vibao vya matatu hakulitumia sana. Nyumbani kwao walimwita Tanne, kwa sababu alipokuwa mtoto ulimi wake ulishindwa kutamka Karen. Marafiki zake wa Kenya, akiwemo mpenzi wake Denys Finch Hatton, walimwita Tania. Wafanyakazi wa shambani walimwita Msabu, yaani ile "memsahib" ya Wahindi na Waingereza ikiwa imepita kwenye midomo ya Waafrika. Na alipoanza kuchapisha vitabu Marekani mwaka 1934, alijificha nyuma ya jina la kiume, Isak Dinesen. Wajerumani walimsoma kama Tania Blixen.

Nyumba yake nayo ilikuwa na jina lake, Mbogani, linaloelezwa kuwa "nyumba iliyo msituni". Msomaji wa Kiswahili atasikia kwanza mboga, au mbogo wenye pembe, kabla hajausikia msitu. Hiyo ndiyo hali ya majina ya wakoloni wengi: Kiswahili kimekopwa, kikageuzwa kidogo, kikatundikwa mlangoni kama pambo. Barabara ya Bogani iko Karen mpaka leo.

Basi Karen lilifikaje kwenye ramani, ikiwa mwenyewe alikuwa analiruka?

Kampuni ya binamu

Lilifika kupitia kampuni. Familia ya mama yake, akina Westenholz, ndiyo iliyokuwa na pesa. Shamba lilipohitaji mtaji mkubwa, kampuni iliundwa Denmark, ikaitwa Karen Coffee Company, na mwenyekiti wake akawa mjomba wake, Aage Westenholz. Mjomba huyo alikuwa na binti yake mwenyewe, naye akiitwa Karen. Kuna ushahidi kwamba kampuni ilipewa jina la binti huyo, binamu wa Blixen, na wala hapakuwa na nia ya kumtukuza meneja wa shamba. Shamba lilipouzwa mwaka 1931 na kukatwakatwa kuwa ploti za nyumba, jina la kampuni likabaki juu ya ploti. Blixen mwenyewe baadaye aliandika kwamba mtaa ule umeitwa kwa jina lake. Judith Thurman, aliyeandika maisha yake, aliambiwa na mnunuzi wa shamba kwamba nia ilikuwa hivyo kweli. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba kila siku maelfu ya Wakenya wanalitaja jina la msichana wa Denmark ambaye hakuwa mwandishi.

Ubishi huo wa Karen gani aliyekusudiwa unawafurahisha watalii na wauza nyumba. Swali zito zaidi linapitwa bila kuulizwa: mahali pale paliitwaje kabla?

Ardhi ya chini ya Ngong haikuwa tupu. Ilikuwa mpaka hai kati ya Wamaasai na Wakikuyu, watu waliooana, wakauziana mbuzi na nafaka, wakapigana, wakapatana. Mikataba ya 1904 na 1911 iliwahamisha Wamaasai kutoka sehemu kubwa ya nchi yao. Sheria ya ardhi ya 1915 ikawageuza Waafrika wa koloni zima kuwa wapangaji wa Mfalme wa Uingereza. Shamba la Blixen lilikuwa na takriban ekari 6,000, na kahawa ilipandwa kwenye ekari kama 600 hivi. Sehemu kubwa ya iliyobaki waliishi Wakikuyu walioitwa maskwota. Masharti yao, kama alivyoyaeleza yeye mwenyewe, yalikuwa siku 180 za kazi kwa mwaka ili waruhusiwe kulima na kufuga kwenye udongo ambao wengi wao walizaliwa juu yake.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vya majina haviwezi kulijua. Wakikuyu walikuwa watu wa mwisho kuhitaji kufundishwa kuiita nchi kwa jina la binti. Simulizi yao ya asili inasema Gĩkũyũ na Mũmbi walizaa mabinti, akina Wanjirũ, Wambũi, Wanjikũ, Wangarĩ, Wacera, Nyambura na dada zao, na kila ukoo unabeba jina la mmoja wao. Mtu anapokwambia yeye ni wa Anjirũ, anakwambia ni mtoto wa Wanjirũ. Ardhi ya ukoo ilikuwa, kwa njia hiyo, ardhi iliyo chini ya jina la mwanamke. Halafu binti wa kwanza wa kila nyumba hupewa jina la mama ya baba, wa pili jina la mama ya mama. Bibi hafi moja kwa moja. Anarudi na nywele fupi, analia, ananyonya.

Kwa hiyo lilipokuja jina Karen, lilikuja kukaa juu ya majina mengine ya mabinti. Halikukuta ukurasa mtupu.

Tumtendee haki Blixen. Alipofilisika mwaka 1931 hakufunga mizigo akaondoka tu. Alihangaika kwenye ofisi za serikali mpaka maskwota wake wakapewa mahali pa kuhamia pamoja badala ya kutawanywa. Aliwapenda, kwa namna yake. Lakini Ngũgĩ wa Thiong'o, katika insha iliyomo kwenye Moving the Centre (1993), alionyesha namna hiyo ya kupenda ilivyokuwa na sumu ndani, pale anapomfananisha mpishi wake Kamante na mbwa aliyestaarabishwa. Na hata kwa waliomwonea kiburi na waliomwonea huruma, ukweli mmoja haubadiliki: yeye ndiye aliyeandika majina yao, na aliyaandika alivyoyasikia. Chifu mkuu Kinyanjui wa Gathirimu, aliyekuwa mtu mzito kusini mwa Ukikuyu, ndani ya kitabu chake cha 1937 anaitwa Kinanjui. Herufi moja tu imeanguka. Kumbuka jina hilo pia.

Maji yaleyale

Mto Tana unazaliwa kwenye Nyandarua na Mlima Kenya. Huko juu Wakikuyu huuita Thagana, na ramani zikaandika Sagana. Unateremka, unageuka, unapita nchi kavu, unapunguza mwendo, na baada ya mamia ya kilomita unapita Hola ukiwa mpana na wa rangi ya udongo. Kabla ya vita vya ukombozi, Hola ilikuwa kijiji cha wakulima wa kandokando ya mto na wafugaji wanaokuja kunywesha mifugo. Serikali ya kikoloni iliona pale sifa mbili: maji ya kumwagilia mashamba, na umbali. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 20, 1952. Mwaka uliofuata mradi wa umwagiliaji ukaanzishwa Hola, na wachimbaji wa mifereji wakawa wafungwa wa Mau Mau.

Watu wale walitoka nchi ya baridi na ukungu. Waliletwa kwenye joto na mbu, ambako hakuna mlima wa kuelekea wakati wa kuomba. Ila maji waliyokunywa yalikuwa yametoka kwao.

Kufikia 1959 wafungwa waliobaki Hola katika kambi iliyofungwa ni wale ambao serikali iliwaita sugu. Walikataa kufanya kazi, kwa hoja rahisi: hawakuwa wamehukumiwa na mahakama yoyote, sasa kazi ngumu ya nini? John Cowan, ofisa wa magereza, akatunga mpango wa kuwalazimisha. Watatolewa kwa vikundi, kila kikundi kikizungukwa na askari wengi, na mikono yao itasukumwa kwenye jembe wakipenda wasipende. Machi 3, 1959, zaidi ya wafungwa 80 walipelekwa kwenye mfereji. Askari walikuwa na rungu. Kipigo kiliendelea kwa masaa. Watu 11 walikufa na makumi walijeruhiwa vibaya.

Kesho yake serikali ilitoa taarifa kwamba wafungwa wamekufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji.

Isome tena sentensi hiyo polepole. Watu wa Thagana, wameuawa kwa rungu kando ya Tana, na kosa likabebeshwa maji. Uchunguzi wa maiti ulionyesha mifupa iliyovunjika na majeraha ya kupigwa. Uongo haukufika mbali. Mficha maradhi, kifo humfichua. Julai 27, 1959, Bunge la Uingereza lilijadili Hola mpaka usiku wa manane ukapita, na sauti moja iliyowachoma wengi ilitoka ndani ya chama tawala chenyewe, kwa Enoch Powell, mtu ambaye baadaye angejulikana kwa chuki yake dhidi ya wahamiaji. Alisema kwamba Uingereza haiwezi kuwa na kipimo kimoja cha haki nyumbani na kingine Afrika. Kambi zikaanza kufungwa. Januari 1960 hali ya hatari ikaisha rasmi.

Orodha ya wale 11 inapatikana, kwa tahajia za makarani: Kabui Kaman, Ndungu Kibaki, Mwema Kinuthia, Kinyanjui Njoroge, Koroma Mburu, Karanja Munuthi, Ikeno Ikiro, Migwe Ndegwa, Kaman Karanja, Mungai Githu, Ngugi Karitie.

Isome kwa sauti. Sikio la Mkikuyu likifika kwenye "Kaman" linasikia Kamau, mara mbili. Na angalia wa nne: Kinyanjui. Ni jina lilelile la yule chifu mkuu, aliyekuwa na uwezo wa kumtembelea Msabu na kukaribishwa. Majina haya hurithiwa kutoka kwa babu, kwa hiyo kila moja lilikuwa na mwenyewe mwingine kabla ya huyu aliyelala Hola, na kwa desturi linadai mwenyewe mwingine baada yake. Mtu akifa kabla ya kupata wajukuu, ndugu zake ndio wanaobaki na deni la kumtafutia mtoto wa kulibeba jina. Ukimuua mtu wa namna hiyo, umeigusa foleni nzima iliyo nyuma na iliyo mbele.

Galole

Baada ya Hola kuwa neno la aibu London, serikali ya kikoloni ilifanya kile ambacho serikali hufanya inapochoka kuulizwa. Ilibadilisha jina. Hola ikawa Galole. Mradi wa umwagiliaji ukawa Mradi wa Galole, na ripoti za wataalamu wa kilimo za miaka ya 1960 zinauzungumzia hivyo: pamba, ekari, wapangaji, mavuno. Ukizisoma bila kujua, utadhani ni mahali pengine kabisa.

Galole si jina baya, na halina kosa lolote lenyewe, kama vile Karen halina kosa. Lakini lilitumiwa kama shuka la kufunika maiti. Yule aliyeamua hivyo alidhani kwamba jina likiondoka litaondoka na kumbukumbu. Hakujua vizuri kazi ya majina. Rudi kwa Katarina: maana ya "safi" ilibandikwa juu ya jina ambalo tayari lilikuwepo, na ikakaa kwa sababu watu waliitaka. Hapa watu hawakutaka. Hola iliendelea kutajwa kwa midomo ya walionusurika, na kwa wajane kule milimani ambao wengi wao hawakuwahi kupaona mahali pale lakini walijua waume zao hawakurudi kutoka wapi. Kenya ilipokuwa huru, jina Hola lilirudi kwenye mji. Leo mji huo una shule ya sekondari iitwayo Mau Mau Memorial.

Mto wenyewe nao ukafanya mambo yake. Mwaka 1989 Tana ilibadili mkondo, ikauacha mfereji mdomo wazi, na mradi ule uliochimbwa kwa mikono ya wafungwa ukakauka kwa miaka mingi kabla ya kufufuliwa. Jina likabaki, hata maji yalipohama.

Kisha kuna London tena. Mzee Wambugu wa Nyingi, aliyepigwa Hola siku ile mpaka akapoteza fahamu na kutupwa pamoja na maiti, alikuwa mmoja wa Wakenya waliofungua kesi dhidi ya serikali ya Uingereza nusu karne baadaye. Juni 6, 2013, waziri William Hague alisimama bungeni akatangaza makubaliano ya pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228, na akaeleza masikitiko ya serikali yake kwa mateso yaliyofanyika. Katika kauli hiyo aliwataja wale 11, na akataja mahali walipofia. Alisema Hola. Hakusema Galole.

Jina lina tabia gani?

Turudi sasa kwenye swali la vitabu vya majina. Karen ana tabia gani?

Ukiuliza Denmark watakwambia ni jina la kizamani, la bibi, lenye heshima ya mkate wa nyumbani. Ukiuliza Marekani watacheka. Ukiuliza wauza ploti wa Nairobi watakutajia bei. Na kuna mahali pengine pa kuulizia: nyumba ile ya Mbogani, ambayo serikali ya Denmark iliinunua na kuipa Kenya kama zawadi ya uhuru, na ambayo tangu 1986, mwaka mmoja baada ya filamu ya Hollywood kuitangaza duniani, ni makumbusho ya taifa. Ndani utaona viatu vya kupandia farasi, vitabu, mashine ya kahawa kule bustanini. Ni mahali pazuri, hakuna haja ya kubisha. Wanafunzi wa shule hupelekwa huko kwa mabasi, wakapewa stori ya mwanamke aliyependa Afrika.

Ni wanafunzi wangapi hupelekwa Hola?

Najua jibu la haraka: Hola ni mbali, barabara, joto, usalama, nauli. Hizo zilikuwa ndizo sababu za kuweka kambi pale tangu mwanzo. Umbali ulichaguliwa na watu waliotaka jambo lisionekane, na sisi tukaurithi tukaufanya desturi. Asiyekuwepo na lake halipo. Hivi ndivyo inavyowezekana kijana wa Nairobi akajua kwamba Denys Finch Hatton aliruka na ndege ya rangi gani kwenye filamu, na asiweze kutaja hata mtu mmoja kati ya wale 11.

Sisemi mtaa wa Karen ubadilishwe jina. Tumeshaona huko Hola kinachopatikana ukibadilisha jina ili usahau: kibao kipya na swali lilelile. Na mabinti wa Kenya wanaoitwa Karen, wapo wengi, hawana deni kwa mtu. Jina lao lilitoka Afrika, likaenda kuzunguka kwenye baridi miaka elfu moja, likarudi na meli. Wanaweza kulijaza maana wanayotaka wao, kama Fatuma wa Tana River alivyolijaza lake.

Ninachosema ni kwamba ramani ya Kenya inajua kukumbuka ikitaka. Imemkumbuka msichana wa Denmark ambaye hatuna hakika hata ni yupi kati ya wawili, na imemkumbuka kwa sababu kampuni ya mjomba ilikuwa na makaratasi. Wale 11 hatuna shaka ni akina nani, tunadaiwa tahajia tu. Kazi ya kurudisha "u" kwenye Kamau haihitaji bajeti ya kaunti.

Na kila baada ya miaka mitano watu wa Hola hupanga foleni kupiga kura katika eneo bunge lao. Ukiangalia karatasi wanazopewa, jina la eneo bunge limeandikwa Galole. Wanaweka alama, wanakunja, wanatumbukiza. Kisha wanatoka nje kwenye jua, na ukiwauliza wanakaa wapi, wanakwambia Hola.